Jina la Arobaini na Nne

Ilikuwapo nchi moja, na huenda ingali ipo, ila ofisi inayothibitisha mambo ya namna hiyo imefungwa kwa ukarabati tangu mwaka juzi. Nchi hiyo iliitwa Jamhuri ya Upole, nayo ilichukia vita. Ilivichukia kiasi cha kuviundia wizara nzima, Wizara ya Makatazo, jengo la ghorofa tisa lenye bustani mbele na sanamu ya njiwa aliyefungwa mnyororo mguuni ili asiibwe.

Ng'ambo ya Mto Lumba vita vilikuwa vikiendelea. Jeshi lilikuwa limekaa vilimani mwaka wa sita sasa, likiupiga makombora mji wa Kilembo ulioko bondeni. Jamhuri ya Upole, kwa kuchukizwa, ilitangaza kwamba yeyote atakayehusika na silaha za vita hivyo ataandikwa katika Orodha. Aliyeandikwa haruhusiwi kusafirisha kitu kwa treni, haruhusiwi kupokea kifurushi, wala haruhusiwi kuvuka Daraja la Lumba, kwenda wala kurudi.

Mpaka siku hadithi hii inapoanza, Orodha ilikuwa na majina arobaini na matatu, na Wizara ilijivunia jambo moja: hakuna aliyewahi kukata rufaa. Arobaini na mmoja kati yao walikuwa wameshafariki walipoandikwa. Wa arobaini na mbili alikuwa punda, aliyekamatwa na shehena ya risasi mgongoni na akakataa katakata kumtaja mwenye mzigo. Wa arobaini na tatu kilikuwa Kiwanda cha Silaha Radi, ambacho kilibadili jina kesho yake asubuhi, na kwa hiyo nacho kikahesabiwa kuwa marehemu.

Katika ghorofa ya chini ya Wizara hiyo, kati ya jiko la chai na stoo ya mapazia, alifanya kazi mwanamke mmoja aitwaye Siwema Pandu. Alikuwa mkuu wa Dawati la Vyanzo vya Wazi, na pia alikuwa dawati zima. Kazi yake ilikuwa kutafuta habari ambazo hakuna aliyezificha. Wenzake wa ghorofa za juu walimwonea huruma, maana habari zao zilikuja katika bahasha zenye lakiri, na zake mara nyingi zilikuja zimefungia maandazi.

Siwema hakujali. Ukutani mwake alikuwa amebandika karatasi aliyoiandika kwa mkono: *Jambo lisilo na vyanzo viwili si jambo. Kila chanzo kitajwe kwa jina na anwani.* Wakubwa waliipenda sana karatasi hiyo. Waliichapisha, wakaitia nambari, ikawa Kanuni ya Kumi na Mbili ya Wizara nzima. Lilikuwa jambo la pekee aliloliandika katika miaka kumi na minne ambalo liliwahi kutekelezwa.

* * *

Siwema alikuwa na dada mmoja, Tunu, mkunga wa mtaa wa Visima huko Kilembo. Walizungumza kwa simu kila Jumatatu, mtandao ulipokuwa hai.

"Da Tunu, umeamkaje?"

"Nimeamka. Hilo peke yake ni la kutangazwa redioni."

"Wamepiga tena?"

"Jana, paa la jikoni. Sufuria ya maharage imetoboka, maharage mazima. Sijui nilie au nicheke."

"Umepiga picha?"

"Nimepiga. Chini, penye namba, kama ulivyonifundisha." Kisha Tunu akaongeza: "Wenzangu, wadogo zao huwauliza kwanza kama wameumia."

"Umeumia?"

"Ah, sasa haina ladha tena."

Picha ikaja. Ilionyesha kidude cha chuma kisichozidi ngumi ya mtoto, kimepasuka ubavuni, na meno madogo ya saa yakichungulia ndani. Kile kilikuwa kichwa cha kombora, kinachoiambia baruti ilipuke wakati gani. Bila hicho kombora ni chuma kizito tu. Kwenye kitako chake pamechongwa: U-7, fungu la 114. Ilikuwa picha ya kumi na moja ya aina hiyo ambayo Tunu alikuwa ametuma.

"Vuka, dada," Siwema akasema. "Daraja liko wazi."

"Nina wanawake wanne ambao siku zao zimefika. Nikivuka watazalishwa na nani, na wewe kwenye simu? Unatia hofu hata watu wasio na mimba. Wa nne akijifungua, navuka. Begi nimeshafunga."

Kwa hiyo Siwema akafanya kitu pekee alichokijua. Akaenda kutafuta kichwa kile kimetoka wapi.

* * *

Haikuwa kazi ngumu, na hilo ndilo lililomsumbua. Katika Jamhuri ya Upole watu walikuwa waaminifu mno. Waliandika kila walichokifanya.

Alianza na Daftari la Makampuni, linaloruhusiwa kusomwa na kila mwenye kitambulisho. Humo akakuta kwamba kilichokuwa Kiwanda cha Silaha Radi sasa kinaitwa Kiwanda cha Saa Utulivu, anwani ileile, simu ileile, meneja yuleyule, Bwana Haidari Mzuzuri. Penye safu ya *Sababu ya kubadili jina*, meneja alikuwa ameandika kwa hati nzuri: *Orodha*.

Akafungua Gazeti la Serikali. Utulivu ilitangaza nafasi ya kazi: *Anahitajika fundi wa saa asiyeshtuka upesi. Saa atakazotengeneza hulia mara moja tu.* Akatazama picha zilizopigwa kutoka angani, ambazo mtu yeyote anaweza kuzifungua kwenye simu yake, na juu ya paa la kiwanda cha saa akasoma neno RADI, kila herufi ukubwa wa basi. Kibao cha getini kilikuwa kimebadilishwa. Kwa paa ngazi haikufika.

Timu ya mpira ya kiwanda ilikuwa imechukua ubingwa wa wilaya, na picha yao ilikuwa kwenye ukurasa wa michezo. Wachezaji walikuwa wamepanda juu ya makasha wakishangilia, na makasha yalikuwa na chapa: U-7, fungu la 114.

Mashine za kukereza chuma ndizo zilizomchukua muda. Kiwanda cha silaha kilikatazwa kuziagiza. Lakini taarifa za forodha, zinazobandikwa kila mwezi kwenye ubao wa bandari, zilionyesha kuwa mashine kumi na moja ziliagizwa na Chekechea ya Nyota Njema, *kwa somo la sanaa za mikono*. Shule ile ilikuwa na watoto kumi na tisa. Mwalimu mkuu alipohojiwa na gazeti la mtaani alisema kwa fahari kwamba hakuna mtoto hata mmoja aliyekatika kidole, kwa kuwa hakuna mtoto hata mmoja aliyewahi kuziona.

Mwisho alikwenda stesheni. Ratiba ya treni za mizigo ilikuwa imebandikwa ukutani, karibu na bei za juisi: *Tarehe 9, saa tatu asubuhi. Saa za ukutani, vipande elfu nane, fungu la 115. Ziendako: vilimani. Tahadhari: zisidondoshwe.*

Siwema akainakili mara mbili ili asikosee. Treni huchukua siku mbili kufika vilimani. Ikiwa jina la Utulivu litaingia katika Orodha kabla ya tarehe tisa, treni haitaondoka, na vichwa elfu nane vitabaki stesheni vikiwa saa za ukutani kama ratiba ilivyosema. Likichelewa, vitafika Kilembo kwa njia ya juu.

Tarehe mbili ripoti ilikuwa tayari. Kurasa mia mbili na kumi na mbili, mianya kumi na saba ambayo kiwanda kilipitia kuukwepa mkatazo, kila mwanya na vyanzo vyake viwili. Mwishoni aliweka jedwali la picha kumi na moja za Kilembo. Fomu ya Wizara ilikuwa na safu tatu tu: *Mtengenezaji*, *Msafirishaji*, *Mpokeaji*. Hapakuwa na safu nyingine ya kumweka mtu aliyeangukiwa na kombora. Siwema, aliyekuwa mtu wa kanuni, akaandika mara kumi na moja katika safu ya tatu: *Tunu Pandu, mkunga, mtaa wa Visima, Kilembo.*

* * *

Mkurugenzi wa Makatazo, Bwana Sefu Kirobo, alikuwa na desturi ya kuipima ripoti mkononi kabla ya kuisoma, na kwa kawaida usomaji uliishia hapo. Hii ilikuwa nzito hata akalazimika kuifungua.

"Siwema, mwanangu," alisema baada ya kurasa sita, akashusha sauti. "Umeyaiba wapi haya?"

"Sijaiba, Mkurugenzi. Yamo gazetini. Mengine yako kwenye ukuta wa stesheni."

"Ukutani? Hadharani?"

"Ndiyo, karibu na bei za juisi."

Kirobo akaegemea kiti, uso umemwanguka. "Basi hayafai. Baraza la Makatazo husikiliza siri. Kanuni ya Nne: jambo linalojulikana na wote halihitaji kujulishwa. Kama kila mtu anajua, na hakuna aliyefanya kitu, sisi ni nani tuwaaibishe?"

"Treni inaondoka tarehe tisa, Mkurugenzi."

"Naona. Umeandika vizuri sana. Nimesikitika kabisa." Akafikiri. Hakuwa mtu mbaya. Katika hadithi hii hamna mtu mbaya, na msomaji anayemtafuta atachoka bure. "Kuna njia moja. Ipeleke kwa Mzee Bakunde aigonge muhuri wa siri. Ikishakuwa siri, Baraza litaisoma."

Mzee Bakunde alikuwa mtunza mihuri wa ghorofa ya nne, mtu mkavu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliigonga ripoti ukurasa kwa ukurasa, mara mia mbili na kumi na mbili, na alipomaliza akaivuta upande wake wa meza.

"Haya. Sasa wewe huruhusiwi kuisoma."

"Lakini nimeiandika mimi, Mzee Bakunde."

"Ndiyo maana wewe ndiye wa hatari zaidi." Akamsogezea karatasi tatu. "Fomu ya Kusahau. Andika kila unachokisahau, kwa ukamilifu, bila kuacha kitu. Nakala moja utakaa nayo, ukumbuke usichotakiwa kukumbuka."

Ilimchukua siku tatu kuandika yote aliyoyasahau. Hakukosea hata tarehe.

* * *

Sheria ya Jamhuri ya Upole ilikuwa ya haki kuliko sheria zote za dunia. Hairuhusiwi kumwandika mtu katika Orodha kabla hajapelekewa mashtaka yake yote ayasahihishe. Hivyo tarehe sita ripoti ilipelekwa Kiwanda cha Saa Utulivu kwa gari la Wizara, na tarehe saba Bwana Haidari Mzuzuri mwenyewe akaja nayo chini ya kwapa, amevaa suti ya rangi ya majivu, akabisha hodi kwenye Dawati la Vyanzo vya Wazi.

"Dada Siwema? Hongera sana. Hii kazi, mimi na wahandisi wangu tumeisoma kwa zamu. Kuna mmoja alitokwa na machozi. Anasema hajawahi kuona mtu akikielewa kiwanda chetu namna hii."

"Siruhusiwi kuizungumzia," alisema Siwema. "Nimeisahau."

"Mimi naruhusiwa. Nimepewa niisahihishe." Akaketi, akafungua kwenye karatasi aliyokuwa amekunja pembe. "Ukurasa wa arobaini na moja umeandika tanuri tatu. Ni tano."

Siwema akasikia joto la aibu likimpanda shingoni. "Kutoka angani yanaonekana mabomba matatu ya moshi."

"Tanuri mbili zinatumia bomba moja, mara mbili. Si kosa lako, ni fundi wetu alikuwa mvivu. Halafu hapa, umesema mianya kumi na saba." Akatabasamu kwa upole wa kweli. "Ni kumi na tisa. Ile miwili nimekuandikia pembeni kwa penseli. Usije ukaonekana hukufanya utafiti."

Aliandika kweli, kwa hati ileile nzuri ya kwenye daftari. Siwema akaisoma, akijua kwamba haruhusiwi. Yote miwili ilikuwa sahihi.

"Bwana Mzuzuri," akasema, "vichwa hivyo vinaangukia watu. Dada yangu yuko huko."

Meneja akavua miwani, akaifuta. "Nimeiona anwani kwenye jedwali. Pole sana. Sisi hatuna ugomvi na mtaa wa Visima. Hatuna ugomvi na mtu yeyote. Sisi tunatengeneza saa; panapowekwa, si sisi."

"Treni ya tarehe tisa. Hamwezi kuichelewesha? Siku mbili tu."

Kwa mara ya kwanza Mzuzuri akaonekana kuudhika. "Dada Siwema, hilo umekosa adabu kidogo. Sisi ni watu wa saa."

* * *

Baraza la Makatazo lilikaa tarehe nane mchana. Siwema, kama mtu asiye na kibali cha kuijua ripoti yake, hakualikwa. Ila wahudumu wa chai walikuwa na kibali cha siri zote, tangu uhuru, na siku ile mhudumu alikuwa mgonjwa. Siwema akachukua chupa ya chai jikoni, akajifunga kanga, akapanda ghorofa ya tisa. Hakuna aliyemwuliza kitu.

Mwenyekiti alikuwa Waziri, Mheshimiwa Daktari Profesa Jaji Mstaafu Mkomboti Lugendo, ambaye majina yake yalipokwisha kusomwa chai ya kwanza ilikuwa imepoa.

"Waheshimiwa," alisema, "nimeisoma ripoti hii nikiwa nimesimama, kwa heshima. Na naomba niseme bila kumung'unya: inatisha. Inatisha! Mtu mmoja, akiwa ameketi, kwa kusoma magazeti na kuta, ameweza kuijua nchi yetu yote! Leo ni mtumishi wetu. Kesho atakuwa nani? Je, taifa linaweza kulala, Waheshimiwa, huku ratiba za treni zikiwa macho?"

Wajumbe wakagonga meza.

Yakafuata maazimio, na yalipita haraka kuliko chai. Ratiba za mizigo zitabandikwa baada ya treni kufika. Daftari la Makampuni litahamishiwa chumba cha chini ya ardhi, na ngazi ya kushukia itajengwa bajeti ikiruhusu. Timu za mpira zitapigwa picha kwa nyuma. Paa la kiwanda lipakwe rangi. Gazeti la Serikali litaendelea kuchapishwa kama kawaida, bila maandishi.

"Na kiwanda, Mheshimiwa?" aliuliza mjumbe mmoja, mgeni wa mwezi mmoja, akaangaliwa na wote.

"Kiwanda kipi? Hiki cha saa kimetusahihishia ripoti kwa uaminifu mkubwa. Kimetuonyesha mianya miwili tusiyoijua. Tumwadhibu anayesema kweli? Huo utakuwa mfano gani kwa vijana?"

Siwema akamimina chai kikombe hadi kikombe.

"Hata hivyo," Waziri akaendelea, "kikao cha Baraza hakifungwi bila jina. Desturi ni desturi. Mkurugenzi, ripoti inamtaja nani mwingine?"

Bwana Kirobo akafunua mwisho, penye jedwali. Akasoma. Akasoma tena. "Yuko mpokeaji mmoja, Mheshimiwa. Amepokea vifaa vya silaha aina ya U-7 mara kumi na moja. Hana kibali cha kupokea. Kuna picha alizozipiga mwenyewe. Jina na anwani vipo."

"Mara kumi na moja! Na hajaripoti?"

"Ameripoti kwetu, Mheshimiwa. Ndiyo ushahidi."

"Basi amekiri. Hii ndiyo kazi nzuri, Waheshimiwa! Miaka yote hii tumekamata waundaji na wabebaji, na hatujawahi kumpata hata mpokeaji mmoja."

"Huyo ni dada yangu," alisema Siwema.

Waziri akageuza kichwa polepole. "Mhudumu anasemaje?"

Kirobo akamtazama Siwema, akatazama meza. "Anasema sukari imekwisha, Mheshimiwa."

"Ailete, basi."

* * *

Alipiga simu akiwa kwenye ngazi. Iliita mara nyingi.

"Siwe, siyo sasa! Huyu wa nne mtoto katanguliza miguu!"

"Da Tunu, vuka leo. Vuka saa hii. Kesho asubuhi Orodha inafika darajani na jina lako limo."

"Orodha gani? Ya watu wa silaha? Mimi? Mimi hata kisu cha jikoni kimeliwa na bomu." Nyuma yake mwanamke alipiga ukelele. "Sukuma, mama, sukuma! Siwe, nimuache na miguu ya mtoto nje? Nimwambie nini, kwamba mdogo wangu ana ripoti?"

Siwema alitafuta jibu lenye vyanzo viwili na hakupata hata kimoja.

"Kesho kutwa navuka," Tunu akasema, sauti yake imelainika. "Hao askari wa daraja nimewazalishia wake zao. Usiogope."

Tarehe tisa, saa tatu kamili asubuhi, treni iliondoka.

* * *

Tarehe kumi na moja, asubuhi, Fomu ya Uhakiki iliwasili kutoka darajani ikaletwa kwenye Dawati la Vyanzo vya Wazi, kwa sababu ndilo dawati lililotoa jina. *Upande wa Kilembo, kwenye foleni, tangu jana, yuko mwanamke mwenye begi moja. Anasema anaitwa Tunu Pandu. Anasema ni mkunga, na kweli koplo mmoja anamfahamu kwa jambo hilo. Je, ndiye jina la 44 katika Orodha? Jibu: NDIYE au SIYE.*

Kwa miaka kumi na minne Siwema Pandu hakuwahi kuandika katika karatasi ya serikali neno lisilo kweli. Akachukua kalamu, akaandika: *SIYE*. Penye chanzo akaandika jina lake na anwani ya ofisi, akaikimbiza fomu ghorofa ya tatu kwa wahakiki.

Ikarudi baada ya dakika arobaini. Juu yake pamegongwa: *Chanzo kimoja. Angalia Kanuni ya 12.*

Aliinua macho, akaiona karatasi yake ukutani, hati yake mwenyewe.

Akapanda kwa Mkurugenzi. "Nahitaji sahihi moja, Mkurugenzi. Moja tu."

Kirobo akaisoma fomu. "Siwema, mwanangu. Niambie mimi, kama baba yako. Ukweli ni upi? Ndiye au siye?"

"Ndiye."

"Sasa nitasaini vipi?" Macho yake yalikuwa yamelowa. "Si wewe uliyetufundisha?"

Akashuka ghorofa ya nne. Mzee Bakunde alikuwa akila muhogo juu ya gazeti la serikali, toleo jipya, jeupe pande zote. Alimsikiliza hadi mwisho, akafuta vidole.

"Simjui dada yako. Lete hapa. Nitaandika nimemwona kwa macho yangu na siye." Akaweka miwani yake sawa, akatia sahihi kwa uangalifu mkubwa. "Nimegonga mihuri ya uongo miaka thelathini na mmoja, mwanangu. Huu wa leo utakuwa wa kwanza kumfaa mtu."

Fomu iliondoka Wizarani saa tisa mchana, kwa pikipiki, ikiwa na vyanzo viwili.

* * *

Ilirudi tarehe kumi na mbili. Mtu wa darajani alikuwa ameandika chini kwa haraka, lakini yanasomeka: *Uhakiki hauhitajiki tena. Jana saa kumi jioni foleni ya upande wa Kilembo imepigwa makombora mawili. Mhusika amefariki pamoja na wengine kumi na wanane. Begi limehifadhiwa, lina nguo na mkasi. Kiambatisho: picha moja, ya mwisho katika simu yake.*

Kombora la kwanza, kama ilivyoelezwa baadaye na koplo, lilianguka pembeni, shambani, na halikumdhuru mtu. Watu walilala kifudifudi. Mkunga peke yake aliinuka, akaenda hadi lilipoangukia, akainama na simu yake. Kisha likaja la pili.

Siwema akaitazama picha. Ilipigwa chini, penye namba, kama alivyomfundisha. Haikutikisika. U-7, fungu la 115.

Akakaa nayo mpaka ofisi zikafungwa. Kisha akavuta jedwali, maana lilikuwa bado lake, akaongeza mstari wa kumi na mbili: *Mtengenezaji: Kiwanda cha Saa Utulivu. Msafirishaji: treni ya tarehe 9, saa tatu asubuhi.* Penye safu ya tatu kalamu ilisimama kwa muda mrefu. Safu hazikuwa zimeongezwa. Akaandika jina lilelile.

Mwisho wa mwaka Wizara ya Makatazo ilitoa taarifa yake, kurasa nane, picha ya njiwa juu. Ilisema kwamba kazi inaendelea vizuri, kwamba Orodha sasa ina majina arobaini na manne, na kwamba, kama miaka yote iliyotangulia, hakuna aliyekata rufaa.